Hakuna Kilichotendwa Bado

Programu iliyoitwa Mzizi ilikuwa na amri kumi na tisa, na kumi na nane kati yake zilikuwa na tabia moja. Ukiandika *futa*, programu ilikuonyesha kitakachofutwa, kisha ikangoja. Ukiandika *unganisha*, ilikuonyesha kitakachounganishwa, kisha ikangoja. Ili jambo litendeke kweli ilibidi urudie amri ileile na kuongeza neno moja mwishoni: *--tenda*. Amri ya kumi na tisa, *rudisha*, haikumngoja mtu. Ukiiandika, imekwisha.

Subilaga Mwakibete, msanifu mkuu wa amri katika taasisi iliyotunza programu hiyo mjini Iringa, alitaka zote kumi na tisa ziwe na tabia moja.

"Kwa nini hii moja ijitenge?" aliuliza. Ukutani palikuwa na nyuso nane za wawakilishi wa kliniki, kila uso kwenye kisanduku chake.

"Kwa sababu mgonjwa akianza kutetemeka hana subira, Dada," alijibu mmoja wao kutoka Tukuyu. Nyuso nyingine zilicheka.

"Kwenye kikao mimi ni Injinia Mwakibete."

"Haya, Injinia Dada."

Aliyejibu alikuwa Lusajo, mdogo wake wa tumbo moja. Cheo chake kilikuwa mrudishaji. Wagonjwa wake walikuwa watu waliopoteza maneno baada ya kiharusi au ajali, wakawekewa daraja, kipande chembamba kama ukucha kilichounganisha upande mzima wa ubongo na upande uliokufa. Daraja lilijifunza pamoja na mwenyewe. Kila usiku hali yake ilihifadhiwa katika Mzizi kama toleo jipya. Mara chache daraja lilichemka: mawimbi yake yalianza kuzunguka bila kutoka, mwili ukatetemeka, na kama halikurudishwa haraka kwenye toleo tulivu, liliunguza tishu ambayo lilikuwa limeshikana nayo.

Subilaga aliweka picha ya video ukutani. Msichana wa miaka tisa, Nyemo, wa Mpwapwa, alikuwa amekaa kwenye mkeka na mama yake akimwonyesha kikombe. Msichana alikitazama kikombe, kisha akamtazama mama.

"Mrudishaji wake alitaka kulitazama toleo la zamani, alilinganishe na la leo," alisema Subilaga. "Akaandika *rudisha* na namba ya toleo. Alidhani ataonyeshwa kwanza, kwa kuwa amri nyingine zote huonyesha kwanza. Mwaka mmoja na nusu wa maneno uliondoka, na toleo la mwisho lisingeweza kuwekwa tena juu ya ubongo uliokwisha kubadilika. Si yeye peke yake. Kwa mwaka tunapata wagonjwa kumi na wanne wa aina hii."



"Tunamsikitikia," alisema Lusajo. "Lakini sikiliza. Sisi hatusomi skrini. Siku ya kwanza ya mafunzo unaambiwa: andika, geuka, macho kwa mgonjwa. Shika taya, hesabu pumzi. Ukiniwekea maandishi nyuma ya mgongo wangu, unamwandikia nani?"

"Mtafundishwa upya."

"Kichwa utakifundisha. Mikono je?"

"Mikono itafuata. Amri zikiwa na tabia moja, mkono haukumbuki kumi na nane na moja. Unakumbuka moja tu."

Hoja ilikuwa sahihi, na Lusajo, ambaye hakuwa mjinga, aliona kuwa ni sahihi. Alikuna shingo. "Mimi nimesema," alisema, na kisanduku chake kikafifia.

Mabadiliko yaliingizwa katika Mzizi wa saba. Yalijaribiwa kwanza na warudishaji kumi na wawili katika ukumbi wa taasisi. Wote waliandika *rudisha*, wote walisoma ujumbe uliotokea, wote waliongeza *--tenda*. Hakuna aliyekosea. Ukumbini palikuwa na meza, viti na skrini. Hapakuwa na kitanda.

*

Mzee Ambokile Mwakibete alikuwa mtangazaji wa stesheni ya reli Mbeya kwa miaka thelathini na mmoja. Alistaafu, akarudi Tukuyu, akapata kiharusi. Mwaka mzima alisema "e-e" kwa kila kitu: kwa chai, kwa hasira, kwa msiba wa mkewe. Kisha akawekewa daraja.

Jumapili moja baada ya jaribio la ukumbini Subilaga alimkuta jikoni, amesimama wima mbele ya sufuria, kiganja kimekunjwa mdomoni kama kipaza sauti.

"Abiria wa viazi na maharage," alitangaza, "mnaombwa kusogea jukwaa la kwanza. Abiria kutoka Iringa, aliyechelewa kama kawaida yake, anaombwa kunawa mikono."

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Umekonda. Huko taasisi mnakula karatasi?"

"Tunakula vizuri, Baba."

"Mwongo huyu," alimwambia Lusajo, aliyekuwa akimenya viazi. "Umesikia? *Mwongo*. Hilo neno nimelipata lini?"

"Mwezi wa tatu mwaka juzi," alisema Lusajo. "Siku uliponituhumu nimekula parachichi lako."

"Na ulikula."

"Nilikula, ndiyo."

Walipokuwa watoto, baba aliwaogesha huku akitaja stesheni za treni ya haraka kuelekea pwani. Alikuwa akinyamaza ghafla katikati, na anayechelewa kutaja stesheni inayofuata alimwagiwa maji ya baridi. Siku hiyo, wakati wa kula, aliwafanyia tena, akiwa ameinua kikombe cha maji juu ya kichwa cha bintiye mwenye miaka arobaini na miwili.

"Mbeya. Chimala. Rujewa. Makambako."

"Mlimba!" walipaza sauti wote wawili, na Subilaga akainamisha kichwa mapema kwa mazoea.

Mzee alikunywa yale maji. "Ndaga," alisema kwa Kinyakyusa, akiwashukuru kama alivyowashukuru abiria zamani. "Treni imeondoka."

Jioni Lusajo alimsindikiza dada yake hadi barabarani. Hawakuzungumza habari za *rudisha*. Alimwambia tu kwamba amefanya mtihani wa Mzizi wa saba na amepata alama zote.

"Unaona?" alisema Subilaga.

"Niliufanya nikiwa nimekaa," alisema Lusajo.

*

Daraja la Mzee Ambokile lilichemka katika chumba cha kliniki, asubuhi, mwezi wa sita baada ya Mzizi wa saba kusambazwa. Alikuwa amekuja kupimwa presha. Lusajo peke yake ndiye aliyekuwa zamu.

Vidole vya mkono wa kushoto vya mzee vilianza kugonga meza. Lusajo alimlaza kitandani, akaunganisha waya, akaandika *rudisha --toleo jana*, akabonyeza, akageuka. Alishika taya. Alianza kuhesabu pumzi.

"Tayari, Baba," alisema. "Inarudi sasa hivi. Tulia."

Nyuma ya mgongo wake skrini iliandika:

*Toleo la jana litarudishwa. Hakuna kilichotendwa bado. Ili kutenda, rudia amri na uongeze --tenda.*

Ujumbe huo aliuandika Subilaga mwenyewe. Alikuwa ametumia nusu siku kuchagua maneno, ili mtu yeyote atakayeusoma asiweze kuuelewa vibaya. Na kweli, hakuna aliyeusoma ambaye angeweza kuuelewa vibaya.

Pumzi zilifika hesabu ambayo mtetemeko ulipaswa kutulia. Haukutulia. Lusajo aliwahi kuona daraja likichelewa, kwa hiyo alianza kuhesabu tena, taratibu, akimwambia baba yake maneno yale yale. Katikati ya hesabu ya pili aligeuza kichwa.

Aliongeza *--tenda* kwa mkono mmoja. Programu ilitii mara moja. Toleo la jana lilirudishwa bila kasoro kwenye daraja ambalo halikuwa na mahali pa kushika tena.

*

"Pole, mwanangu," alisema Bi Hiza, mkurugenzi wa taasisi. Alikuwa Msambaa mwenye sauti nzito, asiyependa kuzunguka. Alimsukumia Subilaga kikombe cha kahawa ya tangawizi na hakumlazimisha kunywa. "Mzee anaendeleaje?"

"Anakula. Anatembea. Hana maneno."

"Hata moja?"

"Anazo stesheni. Anazitaja kwa mpangilio, kuanzia Mbeya. Daktari anasema vitu vya kukariri hukaa upande mwingine wa ubongo, ambako daraja halikufika. Hajui anachotaja."

Bi Hiza alimwambia alichomwitia.

Kliniki zilikuwa zimechachamaa. Tangu mabadiliko, wagonjwa watatu walikuwa wameunguliwa kwa namna ileile: mrudishaji aliandika, akageuka, hakusoma. Kliniki zilitaka *rudisha* irudi ilivyokuwa. Sauti ya kuonya ingeongezwa kwa amri zote katika toleo lijalo, hilo lilikwisha kukubaliwa, lakini wadi zina kelele na vipaza sauti vya kliniki nyingi ni vibovu. Swali lilibaki palepale: mtu asipoongeza neno, programu itende au ingoje?

"Kwa taratibu zetu, mwenye neno la mwisho juu ya tabia ya amri ni wewe," alisema Bi Hiza. "Lakini mgonjwa ni baba yako na mrudishaji ni mdogo wako. Ukijitoa, hakuna atakayekulaumu. Nitaamua mimi."

"Utaamuaje?"

"Sitakuficha. Nitairudisha ilivyokuwa. Sina nguvu ya kupigana na kliniki zote."

"Na Lusajo?"

"Programu ikionekana ina kasoro, mtumiaji hana kosa. Anarudi kazini."

"Na nikibakiza kanuni ya kungoja?"

"Basi programu ilikuwa sawa. Alifundishwa, akafaulu, na hakusoma. Leseni yake inafutwa. Si mimi ninayesema, Subilaga. Ndivyo ilivyoandikwa."

Subilaga aliomba apewe mpaka jioni.

Lusajo alikuwa kantini, kwenye meza ya pembeni, koti la mvua bado mwilini. Alikuwa ametoka Tukuyu alfajiri. Hakusimama dada yake alipokuja, na Subilaga hakumlaumu.

"Amekuambia," alisema Lusajo.

"Ameniambia."

"Jitoe, Dada."

Subilaga alikaa. Alitoa kalamu mfukoni, akairudisha. "Nimepitia taarifa za kliniki zote. Kabla ya kanuni, kumi na wanne kwa mwaka walirudishwa bila mtu kukusudia. Kwa nusu mwaka tangu kanuni ianze, hakuna hata mmoja. Walioungua kwa kucheleweshwa ni watatu, na wote walihudumiwa na watu wenye mazoea ya zamani. Wanaofundishwa sasa hawatakuwa na mazoea hayo. Idadi hiyo itashuka. Ile nyingine isingeshuka kamwe, kwa sababu kila mrudishaji mpya angejifunza amri kumi na nane kwanza."

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Sibishani na hesabu yako. Hata kwenye kikao sikubishana nayo. Nilikuambia tunageuka. Nilikuambia kwa mdomo wangu, mbele ya watu."

"Uliniambia."

"Ukajibu tutafundishwa upya."

"Ndiyo."

"Sasa mimi sikuombi useme uongo. Nakuomba unyamaze tu. Kunyamaza nako huwezi?"

Mpishi alipita na trei ya vitumbua, akatazama nyuso zao, akaendelea na safari yake.

"Nikinyamaza, atapatikana Nyemo mwingine," alisema Subilaga.

"Humjui."

"Sasa hivi simjui."

"Baba unamjua. Mimi unanijua." Lusajo aliinamia meza na kwa mara ya kwanza sauti yake ilipasuka. "Nilimwambia inarudi. Nilimshika hivi, taya hivi, nikamwambia tulia, Baba, inarudi. Aliniamini. Alikuwa ananitazama. Ukisema kanuni ni sawa, unasema nilikuwa nimekaa pale nikimwangalia akiungua kwa uzembe wangu. Ndivyo itakavyosomeka. Watoto wangu watasoma hivyo."

"Najua."

"Unajua halafu?"

Subilaga alitazama mikono ya mdogo wake. Ilikuwa juu ya meza, vidole vimekunjwa kidogo, kama vinavyokaa juu ya kibodi.

"Halafu kanuni ni sawa, Lusajo," alisema.

Lusajo alifunga vifungo vya koti, kimoja kimoja, hadi shingoni. Alitoka bila kuaga. Kwao, mtu haondoki bila kuaga hata akiwa amegombana.

Jioni Subilaga alimpa Bi Hiza uamuzi wake: *rudisha* itaonyesha kwanza na itangoja, kama amri nyingine zote. Aliomba jambo moja liongezwe. Jaribio lilifanyika bila kitanda. Warudishaji hawakupewa mtu wa kugeukia. Aliyepanga jaribio hilo ni yeye, na alikuwa ameonywa. Kwa hiyo kanuni ni sahihi na kosa ni la msanifu.

Bi Hiza alisoma mara mbili. "Siwezi kuandika yote mawili. Kama kanuni ni sahihi, msanifu hana kosa, na mrudishaji analo."

"Yote mawili ni kweli."

"Nakubali ni kweli," alisema Bi Hiza, akavua miwani. "Hatuna mahali pa kuyaandika."

*

Daraja lililoungua halikutulia. Kila siku lilimtikisa mzee kidogo, mkono, kope, na daktari alisema siku moja litamtikisa sana. Ilibidi lifungwe. Daraja likifungwa halifunguliwi, na lingine haliwezi kuwekwa mahali palepale. Watoto wote wawili walikubali, kila mmoja kwa simu yake na daktari.

Mrudishaji mpya, aliyeletwa kutoka Kyela, alimwunganisha mzee waya. Alipotambua Subilaga ni nani alimwachia kiti, akasema atakuwa nje akihitajika. Lusajo alikuwa upande wa pili wa kitanda, kwenye benchi la wageni. Hakuwa na ruhusa ya kugusa mashine. Alikuwa amemnyoa baba yake ndevu asubuhi hiyo. Povu kavu lilikuwa bado chini ya sikio.

"Mbeya," alisema Mzee Ambokile akitazama dari. Sauti ilikuwa ile ya stesheni, safi, isiyo na haraka. "Chimala."

Subilaga aliandika *funga --mgonjwa mwakibete-a*.

Programu ilionyesha kitakachofungwa. Kila toleo lilikuwa na tarehe, na mbele ya tarehe maneno mapya ambayo daraja lilikuwa limeyapata siku hiyo. Subilaga ndiye aliyeamua, miaka iliyopita, kwamba amri zote zinazofuta au kufunga zionyeshe maelezo hayo, ili mtu ajue anachokiacha. *Maji. Hapana. Lusajo.* Siku kadhaa bila neno. *Chumvi. Jirani. Mvua.* Alishuka chini kwenye orodha. *Kipaza sauti.* Alishuka tena. *Subilaga.* Jina lake lilikuwa limekuja siku moja na *sabuni*. *Mke wangu.* Siku ileile, mstari uleule: *alikufa.* *Parachichi. Mwongo. Ndaga.*

Mwisho wa yote palikuwa na mstari wa mwisho, kama ilivyo kwa amri zote kumi na tisa.

*Hakuna kilichotendwa bado.*

Alikaa akiutazama. Kanuni yake haikuwa na haraka. Ingemngoja hadi kesho.

"Umesoma?" aliuliza Lusajo. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwake tangu kantini ya Iringa.

"Nimesoma."

"Yote?"

"Yote."

"Rujewa," alisema mzee. Kope yake ya kushoto ilianza kucheza.

"Basi geuka," alisema Lusajo. "Mtazame yeye."

Subilaga aligeuka. Mkono wake wa kulia ulibaki kwenye kibodi na wa kushoto Lusajo aliuchukua, akauweka kwenye taya ya baba yao, mahali panapostahili, kidole gumba chini ya mfupa. Ngozi ilikuwa laini kwa wembe. Mkono wa kulia ulirudia amri, ukaacha nafasi, ukaongeza neno. Haukuhitaji kuonyeshwa. Lilikuwa neno lilelile kwa amri zote, na mkono ulilijua bila macho. Hiyo ndiyo sababu alikuwa amelitaka.

Alibonyeza.

Kope ilitulia. Lusajo alihesabu pumzi kwa sauti ya chini, mpaka hapakuwa na haja ya kuhesabu.

"Makambako," alisema Mzee Ambokile.

Aliishia hapo. Pengine alikuwa akivuta pumzi. Walimsubiri. Hakuna daktari ambaye angeweza kuwaambia kama naye alikuwa akiwasubiri.

"Mlimba," walisema, wote wawili kwa pamoja.

Baba yao aligeuza kichwa. Aliwatazama kwa upole, mmoja baada ya mwingine, kama mtangazaji anavyotazama abiria asiowajua, waliofika dirishani na mizigo yao. Kisha akarudisha macho darini.

"Ifakara," alisema.